Saa hazisogezwi Mbeya na Iringa, mbona usingizi unasogea?

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mamilioni ya watu Ulaya husogeza saa zao. Machi huzipeleka mbele kwa saa moja, Oktoba huzirudisha nyuma. Sisi tunasikia habari hiyo redioni, tunaguna kidogo, kisha tunaendelea na kazi. Tanzania haina utaratibu huo. Saa ya ukutani nyumbani kwako inasema leo vilevile ilivyosema mwezi wa sita.

Hata hivyo, mtu wa Mbeya au Iringa akiuangalia vizuri mwaka wake, ataona kuna miezi ambayo kuamka ni vita, na kuna miezi ambayo kulala mapema hakuwezekani. Mtoto anatoka kwenda shule gizani Julai. Kijana anarudi kutoka kwenye kibanda umiza karibu saa saba usiku mwezi wa kumi na moja, na saa kumi na moja alfajiri anatakiwa shambani. Abiria wa Tunduma anashtuka simu yake imerudi nyuma kwa saa nzima na basi limeondoka.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini mambo hayo yanatokea wakati saa zetu hazijaguswa na mtu, na nini unaweza kufanya ili usingizi wako usiwe unaibiwa kila msimu.

Saa inasema moja, jua linasema kumi na mbili

Kiswahili huhesabu saa kwa kufuata jua. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja baadaye ni saa moja asubuhi. Hesabu hiyo ilizaliwa pwani, na pwani bado inakaribia kuwa sahihi. Dar es Salaam jua huchomoza takriban kati ya saa 12:00 kasoro dakika chache na saa 12:40 asubuhi mwaka mzima.

Mbeya ni tofauti. Mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza takriban saa 12:17 asubuhi. Katikati ya Julai huchomoza takriban saa 1:03 asubuhi. Kwa maneno mengine, Julai pale Mbeya "saa moja asubuhi" ndiyo dakika ya jua kuchomoza. Iringa iko katikati: Julai jua hutokea karibu saa 12:52 asubuhi. Na hizo ni hesabu za mahali pa tambarare. Ukiishi chini ya mlima, upande ambao mlima unalikinga jua la asubuhi, unasubiri zaidi.

Sababu ni jiografia. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa moja, au dakika nne kwa kila nyuzi. Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa tatu. Saa hiyo imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na mstari huo haugusi kabisa ardhi ya Tanzania. Unapita baharini na kwenye kisiwa cha Madagaska.

Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kidogo, kwa hiyo jua lake liko nyuma ya saa kwa dakika 23 hivi. Iringa, kwenye nyuzi 35.7, iko nyuma kwa dakika 37. Mbeya, kwenye nyuzi 33 na nusu, iko nyuma kwa dakika 46. Ukifika Kigoma, pengo linazidi saa nzima.

Kwa hiyo Mbeya iko karibu zaidi na mstari wa nyuzi 30, unaotumiwa na Zambia, Malawi, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, kuliko mstari wa nyuzi 45 unaotumiwa na sisi. Iringa pia. Ukipenda kulisema kwa lugha ya Ulaya, watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaishi kwenye "saa za kiangazi" mwaka mzima, bila tangazo lolote kutolewa.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe bila kifaa. Siku ya jua, simamisha kijiti wima uwanjani kuanzia saa sita mchana. Kila baada ya dakika tano weka alama kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote, hapo ndipo jua liko juu kabisa. Mbeya mwezi Februari utashangaa: itakuwa karibu saa saba mchana, si saa sita.

Kwa nini hatukujipa saa yetu?

Ni swali la haki. Mbona Mbeya isitumie saa ya jirani zake Zambia na Malawi?

Jibu ni kwamba saa si mali ya jua peke yake. Ni makubaliano ya watu wanaofanya kazi pamoja. Wakati wa ukoloni, kuna kipindi saa za Afrika Mashariki zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, hesabu iliyokaribia zaidi jua la eneo hili. Baadaye nchi za Kenya, Uganda na Tanzania zikabaki na saa tatu kamili. Benki ya Dar es Salaam inafungua sawa na benki ya Mbeya. Taarifa ya habari inasikika dakika ileile Mtwara na Kigoma. Mtihani wa taifa unaanza pamoja nchi nzima. Kuligawa taifa katika saa mbili kungetatua tatizo la asubuhi na kuleta mengine mengi mchana.

Lakini makubaliano hayo yana gharama, na gharama hiyo inalipwa na walio magharibi. Dakika 46 za Mbeya hazionekani kwenye karatasi yoyote. Zinaonekana kwenye macho ya mtoto anayesinzia darasani.

Julai: asubuhi yenye giza na baridi

Tuchukue mwanafunzi wa Mbeya anayetakiwa kuwa shuleni saa 1:00 asubuhi. Akitembea dakika 45, anatoka nyumbani saa 12:15. Ili aoge, avae na anywe chai, anaamka saa 11:30 alfajiri. Muhula wa pili unapoanza Julai, mwanga wa kwanza wa kuweza kuona njia vizuri hufika karibu saa 12:40. Mtoto huyo anatembea karibu nusu ya safari yake gizani, na jua linachomoza akiwa tayari yuko mstarini.

Mwanafunzi wa Dar es Salaam mwenye ratiba hiyohiyo anaanza kuona mwanga akiwa anatoka mlangoni. Ratiba ni moja, jua si moja.

Hapo ongeza baridi. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali katika nyanda hizi. Usiku, vipimo vya joto hushuka chini ya nyuzi 10, na sehemu za juu kama Mufindi na Kitulo hupata hata jalidi. Mwili unaamshwa kwenye giza na kwenye baridi kwa wakati mmoja, na vyote viwili vinauambia bado ni usiku.

Wataalamu wa usingizi hupendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10, na mtu mzima angalau saa 7. Mtoto anayeamka saa 11:30 alfajiri anatakiwa awe amelala saa 2:30 usiku ili apate saa 9. Katika nyumba nyingi saa hiyo ndiyo kwanza ugali unateremshwa jikoni.

Kuna jambo moja la hatari ambalo hatuwezi kulipita. Usiku wa baridi, baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na anayeivuta hupata kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi mzito, halafu haamki. Mkaa ulioonekana kuwa majivu bado unaitoa. Jiko lipashe chumba moto mapema mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabla mtu yeyote hajalala. Ongeza blanketi, soksi, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri. Usiongeze mkaa.

Kwa nini wenzetu wanasogeza saa

Ulaya wanasogeza saa kwa sababu siku zao hubadilika sana. London, siku ndefu kabisa ya Juni ina mwanga kwa zaidi ya saa 16 na nusu, na siku fupi ya Desemba ina mwanga kwa chini ya saa 8. Mbeya, siku ndefu ni ya Desemba, yenye saa 12 na dakika 38, na fupi ni ya Juni, yenye saa 11 na dakika 36. Tofauti yetu yote ya mwaka ni saa moja tu. Ndiyo maana nchi zilizo karibu na ikweta hazina haja ya kusogeza saa: hakuna mwanga mwingi wa kuokoa.

Wazo lenyewe ni la zamani. George Hudson wa New Zealand alilipendekeza mwaka 1895, akitaka mwanga zaidi wa jioni ili akusanye wadudu baada ya kazi. William Willett wa Uingereza alilipigia debe kuanzia mwaka 1907. Lakini lililolifanya litekelezwe ni vita. Ujerumani ilisogeza saa tarehe 30 Aprili 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kupunguza matumizi ya makaa ya mawe kwa taa. Uingereza ikafuata Mei mwaka huohuo.

Afrika nako kumekuwa na majaribio. Namibia iliacha kusogeza saa mwaka 2017. Misri ilirudisha utaratibu huo mwaka 2023. Morocco hukaa saa moja mbele ya Greenwich mwaka mzima, isipokuwa mwezi wa Ramadhani, inaporudi nyuma.

Hata Ulaya kwenyewe wengi wamechoka. Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuukomesha utaratibu huo, lakini nchi wanachama hazikuafikiana wabaki na saa ipi, na hadi sasa saa bado zinasogezwa. Kinachowachosha hasa ni usingizi. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa ajali mbaya za barabarani huongezeka kidogo katika siku zinazofuata baada ya saa kupelekwa mbele na watu kupoteza saa moja ya usingizi. Tuikumbuke hoja hiyo, kwa sababu hapa kwetu kuna watu wanaopoteza saa moja kila wiki.

Oktoba hadi Machi: mpira unaoisha karibu saa saba usiku

Sasa tuje kwenye vibanda umiza vya Mwanjelwa, Uyole, Ipogolo na Mafinga.

Uingereza ikiwa kwenye saa za kiangazi, sisi tuko mbele yake kwa saa mbili. Ikirudisha saa nyuma mwisho wa Oktoba, tunakuwa mbele kwa saa tatu. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa tisa mchana kwa saa za huko, kwetu inatoka saa 11:00 jioni na kuhamia saa 12:00 jioni. Hilo halimuumizi mtu sana.

Kinachoumiza ni Ligi ya Mabingwa Ulaya, katikati ya wiki. Mechi kubwa za usiku huanza saa 4:00 usiku kwa saa zetu mwezi Septemba na Oktoba, na kuisha karibu saa sita kamili. Baada ya Jumapili ile ya mwisho wa Oktoba, mechi hizohizo zinaanza saa 5:00 usiku na kuisha karibu saa saba. Hakuna aliyegusa saa ya Mbeya, lakini usiku wa mwana Mbeya umesogea kwa saa nzima, na utabaki hivyo mpaka mwisho wa Machi.

Angalia jinsi miezi hiyo inavyoangukia kwetu. Novemba na Desemba ndipo mvua zinaanza na mahindi yanapandwa. Ndipo pia jua linachomoza mapema kuliko wakati wote wa mwaka, kwa hiyo kazi ya shamba inaanza mapema. Anayetoka kwenye mpira karibu saa saba, akafika nyumbani na kulala saa 7:30 usiku, kisha akaamka saa 11:00 alfajiri, amelala saa tatu na nusu. Akifanya hivyo Jumanne na Jumatano, Alhamisi anashika jembe, pikipiki au usukani wa lori akiwa na deni la usingizi la saa saba.

Kwa mkulima, deni hilo litamlegeza mikono. Kwa bodaboda na dereva linaweza kuua. Mwili wa binadamu huwa na usingizi mzito zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, hata kama mtu anadhani yuko macho. Tangu serikali ilipoondoa mwaka 2023 zuio la mabasi ya abiria kusafiri usiku, saa hizo zina watu wengi zaidi barabarani. Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ina Mlima Kitonga na miteremko ya Mbeya, mahali ambapo sekunde tatu za kusinzia hazina nafasi ya kurekebishwa.

Tunduma na Kasumulu: hatua moja, saa moja

Kuna Watanzania ambao kwao kubadilisha saa si habari ya Ulaya, ni jambo la kila siku. Tunduma, mkoani Songwe, inatazamana na Nakonde ya Zambia. Tangu Oktoba 2019 kuna kituo kimoja cha forodha kwa pande zote mbili, na watu huvuka kwa miguu. Katikati ya Julai, jua likichomoza pale, saa ya Tunduma inasema ni saa 1 na dakika kadhaa asubuhi. Ya Nakonde inasema ni saa 12 na dakika zilezile. Jua ni moja na soko ni moja, saa ni mbili. Hali ni hiyohiyo Kasumulu, wilayani Kyela, kwenye mpaka wa Malawi ng'ambo ya Mto Songwe. Na abiria wa treni ya TAZARA, inayosafiri kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, lazima arudishe saa yake nyuma akishavuka.

Tatizo jipya ni simu. Simu nyingi zimewekwa zijipangie saa zenyewe kwa kufuata mtandao. Karibu na mpaka, simu inaweza kushika mnara wa Zambia au Malawi ukiwa umelala kitandani Tanzania. Hapo saa yake inarudi nyuma kwa saa moja. Alamu uliyoiweka ilie saa 10:30 alfajiri italia wakati Tanzania ni saa 11:30. Kama basi lilikuwa la saa 11:00, limekwisha kuondoka.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kulala mji wa mpakani, ingia kwenye mipangilio ya saa na tarehe, zima saa ya kujipanga yenyewe, kisha chagua mwenyewe saa ya Dar es Salaam au Nairobi.

Tiketi inasema 6:00. Ni ipi?

Mwingine hapotezi usingizi kwa jua wala kwa mnara, bali kwa hesabu mbili tunazotumia. Tiketi ikiandikwa 06:00, ni saa kumi na mbili asubuhi. Msafiri mgeni akiambiwa na konda "saa kumi na mbili", anaweza kufika stendi saa sita mchana. Na Mtanzania akisoma 11:00 kwenye tiketi anaweza kudhani ni alfajiri, kumbe ni saa tano asubuhi.

Kanuni ni kuongeza au kupunguza saa sita. Lakini usiku, ukiwa na wasiwasi wa kuachwa na basi, usitegemee hesabu ya kichwani. Muulize mkatisha tiketi akutajie saa ya Kiswahili na neno lake: alfajiri, asubuhi, mchana au usiku. Neno hilo moja linamaliza utata.

Kwa ndugu zetu Waislamu kuna tahadhari nyingine wakati wa Ramadhani. Adhana ya magharibi inayorushwa redioni kutoka Dar es Salaam inafuata jua la Dar es Salaam. Mbeya jua huzama dakika 20 hadi 27 baadaye, kulingana na majira. Iringa ni robo saa hivi. Anayefungua swaumu kwa adhana hiyo akiwa Mbeya atakula jua likiwa bado liko juu. Fuata ratiba ya msikiti wa mji wako.

Mwili unahesabuje saa?

Ndani ya ubongo kuna saa ya asili. Ndiyo inayoamua uchangamke lini, usikie njaa lini na usinzie lini. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kugundua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli.

Kwa watu wengi saa hiyo huenda polepole kidogo kuliko saa 24. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga, hasa wa asubuhi. Mwanga wa jua ukiingia machoni, ubongo hupata taarifa kwamba siku imeanza, na jioni yake usingizi huja kwa wakati. Giza likiingia, mwili hutoa homoni ya melatonini inayouandaa kulala. Mwanga mkali usiku, ukiwemo wa taa na skrini ya simu iliyo karibu na uso, huichelewesha homoni hiyo.

Sasa unaona kwa nini Mbeya inaumia. Asubuhi mwanga unachelewa kufika na jioni unachelewa kuondoka: Desemba jua huzama kwa dakika chache baada ya saa 1:00 usiku. Mwili unasukumwa kulala baadaye, lakini kengele ya shule na honi ya basi hazisogei. Upande mmoja unavutwa, mwingine umefungwa. Kinachokatika katikati ni usingizi.

Ufanye nini?

Hatuwezi kulisogeza jua, na hatutarajii saa ya taifa ibadilishwe kwa ajili yetu. Lakini haya yako mikononi mwetu.

Kwanza, Juni hadi Agosti, vuta usiku wa watoto nyuma kwa nusu saa. Chakula kipikwe mapema, kazi ya shule ifanywe kabla ya kula, na sare, viatu na madaftari viandaliwe usiku. Kila dakika inayookolewa alfajiri ni dakika ya usingizi.

Pili, walimu na wazazi wazungumze kwenye vikao vya shule kuhusu muda wa kufika miezi ya Juni na Julai, hasa kwa watoto wadogo wanaotoka mbali. Nusu saa ya ziada inatosha kuwapitisha njiani wakiwa wanaona. Mpaka hapo, watembee kwa makundi, na wawe na tochi au nguo ya rangi nyeupe inayoonekana na madereva.

Tatu, jua likitoka, litoke na wewe. Dakika 15 hadi 30 nje asubuhi, hata kwa kufagia uwanja au kutembea kwenda kazini, zinasaidia usingizi wa usiku kuja mapema.

Nne, mpenzi wa mpira, chagua mechi. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi, kukesha usiku mmoja badala ya miwili kwa wiki kunakurudishia saa kadhaa. Matokeo na magoli yatakuwepo asubuhi. Kama unaendesha chombo alfajiri, usiangalie kabisa mechi ya saa tano usiku wa kuamkia safari.

Tano, dereva ukianza kupiga miayo, kukosea gia au kusahau kilomita chache ulizopita, hayo si mazoea ya barabara. Ni usingizi. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio, hata kama ni redio yetu, hakuuondoi. Egesha mahali salama ulale dakika 20. Abiria nanyi mna haki ya kumwambia dereva apumzike.

Sita, usingizi ukikukimbia usiku mwingi kwa wiki kadhaa, na mchana huwezi kufanya kazi, nenda kituo cha afya. Wakati mwingine chanzo si saa wala jua. Kinaweza kuwa maumivu, msongo wa mawazo, sonona, au kukoroma kunakokata pumzi. Usinunue dawa za usingizi dukani kwa kusikia kwa jirani.

Kwa wanaosikiliza vituo vya kimataifa au wenye ndugu ng'ambo, shika jambo moja: saa ya Greenwich, ile inayoandikwa GMT, haisogei. Ongeza saa tatu mwaka mzima upate saa yetu. Inayosogea ni saa ya London, Berlin au New York. Na Marekani husogeza kwa tarehe zake: Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kabla ya kupiga simu wiki hizo, uliza kwanza huko ni saa ngapi, usije ukamwamsha mtu aliyekwisha kuibiwa saa moja.

Julai ijayo, ukiamka saa kumi na moja na nusu Mbeya ukaona giza na mwili unakataa, usijiite mvivu, wala usimwite mtoto wako mvivu. Saa iko mbele ya jua kwa zaidi ya robo tatu ya saa, na mwili unafuata jua. Mlaze mapema leo usiku.